Diski ikitoa hitilafu, umount inaganda

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Najifunza kuandika moduli ya mfumo wa faili wa Linux kwa kutumia JBD2, jonali ileile ya ext4 (daftari ambamo mabadiliko huandikwa kwanza kabla ya kuingia mahali pake kwenye diski). Diski ikiwa nzima, sina shida. Nikiilazimisha itoe hitilafu, fanksheni yangu inarudisha -EIO (namba ya hitilafu ya kusoma au kuandika) kama nilivyotaka, ila baadaye umount, amri ya kuuondoa mfumo wa faili, inaganda hadi niizime mashine. Nimekosea wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu. Kwanza endesha `echo w > /proc/sysrq-trigger` wakati imeganda, ili kerneli iorodheshe nyuzi zilizokwama, halafu soma dmesg, yaani ujumbe wa kerneli. Ukiukuta uzi wa jbd2 umekwama ndani ya jbd2_journal_commit_transaction, nina hakika karibu yote kwamba kuna hendeli (handle, kibali cha kuandika unachopewa na jonali) hukuifunga.

Kila ukifungua hendeli mpya kwa jbd2_journal_start, muamala (fungu la mabadiliko yanayoandikwa pamoja) unaongeza moja kwenye hesabu yake, t_updates. Jonali haiufungi muamala mpaka hesabu hiyo irudi sifuri. Sasa wewe umesoma bloku, ukapata -EIO, ukaandika `return err;` papo hapo. Jonali inakusubiri wewe, umount inaisubiri jonali, nawe ulishaondoka zamani. Badala ya return weka `goto out_stop;`, na chini kabisa:

out_stop:
    err2 = jbd2_journal_stop(handle);
    if (!err)
        err = err2;

Hiyo `if` usiidharau. Ukiandika `err = jbd2_journal_stop(handle);`, stop ikirudisha 0 itafuta ile -EIO ya mwanzo, na mtumiaji ataambiwa faili lake limehifadhiwa. Mimi naliogopa kosa hili kuliko lako. Mashine iliyoganda angalau unaiona. Kuipuuza stop nako si dawa, kwani jonali ikishakatizwa (abort, yaani imeacha kuandika kwa sababu ya hitilafu), stop yenyewe hurudisha -EIO.

Start ikishindwa haikupi NULL. Kagua kwa IS_ERR, chukua namba kwa PTR_ERR, na hapo usiite stop, maana hendeli hukupewa. Ukipata -EROFS (mfumo wa faili ni wa kusoma tu), aghalabu jonali ilikwisha kukatizwa kabla yako: panda juu kwenye dmesg utafute hitilafu ya kwanza.

Kujaribu, usingoje diski mbovu. Kwa dmsetup, zana ya kutengeneza diski za kubuni, badili jedwali la linear (linalopitisha data kwenye diski halisi) liwe la error (linalorudisha hitilafu tu) katikati ya uandishi, kisha umount. Jaribio generic/475 la xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili, hufanya hivyo tena na tena huku fsstress, programu ya kuulemea mfumo wa faili kwa kazi, ikiendelea kuandika. Lipitishe usiku kucha.