Ditekta ya gesi uifunge wapi? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii maswali mengi mliyotuma ni ya ditekta za gesi, vifaa vya kunusa gesi ikivuja, zile zinazofungwa moja kwa moja ukutani au kwenye nguzo na kebo yake inaenda mpaka kwenye paneli, sio zile ndogo za kuvaa kifuani. Mi hivi vitu nimefunga na kukarabati miaka mingi, na nyingi ninazozikuta ni nzima kabisa ila zimefungwa mahali gesi haipiti, zimefungwa pale ngazi ilipofika na kebo ilipotosha. Inaniuma kwa sababu hela imeshatoka na watu wanaamini wanalindwa. Haya tuanze.

Fundi, niko kiwanda cha samaki Mwanza, kompresa zetu zinatumia amonia. Waliotufungia waliweka ditekta zote mbili juu darini, wakasema amonia ni nyepesi inapanda. Ni sawa?

Nusu sawa ndugu yangu. Mvuke wa amonia ni mwepesi kweli, uzito wake ni kama 0.6 ya hewa, kwa hiyo ikivuja taratibu kwenye sili ya kompresa itapanda na ditekta ya juu itaidaka. Lakini mnayo pia amonia iliyo kimiminika, iko kwenye risiva (tangi linaloihifadhi), kwenye pampu, kwenye bomba linaloenda vyumba vya baridi, na hiyo ikipata tundu haitoki kama mvuke mwepesi, inaruka na matone, inapoa ghafla, inachanganyika na unyevu wa hewa (na hapo ziwani unyevu haukosekani) inafanya ukungu mweupe mzito unaotambaa sakafuni mpaka mlangoni. Ditekta ya darini inaweza ikakaa kimya wakati ukungu umeshafika magotini.

Za juu ya kompresa ziacheni, ila ongezeni moja karibu na pampu na risiva, kimo cha mita moja hivi au chini yake, na nyingine kwenye njia ya hewa inayovutwa na feni ya kutolea. Na hiyo feni ndo inaamua mambo kuliko uzito wa gesi. Mi kabla sijatoboa ukuta nawasha feni zote kama zinavyokuwa siku ya kazi, nafunga milango, halafu naweka ubani kwenye chetezo kidogo chini ya kila valvu na naangalia moshi unaelekea wapi. Moshi wa ubani una joto kwa hiyo mwanzoni unapanda wenyewe, hapo usiuamini, uangalie ukishafika mita moja hivi na umepoa. Kuna chumba kimoja moshi ulitoka kwenye kompresa ukapita nusu mita tu kutoka kwenye ditekta ukazama kwenye feni, ditekta iko kwenye kona hewa haizunguki kabisa, buibui kashajenga mpaka kwenye uso wa sensa. Tuliisogeza hatua mbili tu. Lakini sikia, chetezo ni moto, hiyo ni kwa chumba ulichokwisha pima ukajua hakina uvujaji na kibali umepewa. Kwenye gesi ya kupikia usithubutu.

Alamu ya kwanza iwe 25 ppm (yaani sehemu 25 za gesi kwa kila sehemu milioni za hewa), ndo kiwango cha kufanyia kazi shifti ya saa 8. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inataja 300 ppm kama hatari ya papo hapo kwa uhai, kwa hiyo ya kutoa watu wote usiisogeze karibu na hapo, mi naweka 150. Na taa na king'ora viwepo pia nje ya mlango, mtu asije akafungua ndo ajue.

Shikamoo fundi. Mimi ni afisa usalama kwenye kituo cha kujaza mitungi ya gesi huku Kigamboni. Ditekta ziwe kimo gani? Na bosi anataka tuzitoe za upande mmoja kwa sababu upepo hauendi huko.

Marahaba binti yangu. Kimo, sentimita 30 hivi kutoka chini. Gesi ya mitungi ni propani na butani, propani ni nzito mara 1.5 ya hewa na butani mara 2, zinakaa chini na zinatafuta bonde kama maji, kwa hiyo angalia na mitaro, mashimo ya kebo na popote sakafu inapoinama. Lakini usishuke mpaka sentimita 5, maana hapo ditekta itakunywa maji ya kuoshea na matope ya mvua na kila mwenye fagio ataigonga. Uso wa sensa uangalie chini na uwe na kinga ya matone. Weka karibu na pampu, karibu na mashine ya kujazia, na pale lori linapounga mpira wa kushushia, hapo sana sana.

Upepo sasa. Bosi wako kaangalia upepo mwezi gani? Pwani yetu tuna kaskazi na tuna kusi, kaskazi inavuma kama Desemba mpaka Machi halafu kusi inashika miezi mingi ya katikati ya mwaka, na mvuvi yeyote hapo feri atakueleza. Ukitoa za upande mmoja umejifunga jicho nusu mwaka. Tena usiku upepo unatulia kabisa, na gesi mbaya zaidi ni ile ya usiku uliotulia maana haisambai.

Mwambie pia habari ya San Juanico, pembeni ya jiji la Mexico, Novemba 19, 1984. Bomba la gesi lilipasuka kwenye kituo cha PEMEX, kampuni ya mafuta ya serikali ya Mexico, alfajiri, wingu likakua mpaka kama mita 200 kwa 150 ila kimo chake mita 2 tu, likatembea dakika chache likakuta moto. Walikufa watu kama 500. Kituo hakikuwa na mfumo wa kugundua gesi, walipokuja kufunga valvu muda ulikuwa umeshapita.

Kwenye paneli wanaandika 20% LEL. Hiyo ina maana 20% ya hewa ni gesi?

Hapana, na hili linachanganya wengi. LEL ni kile kiwango cha chini kabisa cha gesi kwenye hewa ambacho kikikuta cheche kinalipuka. Kwa propani ni kama 2.1%. Kwa hiyo 20% LEL ni moja ya tano ya hiyo, kama 0.4% ya gesi kwenye hewa. Paneli ikisoma 100 pale panaweza kulipuka.

Kiwandani kwetu Dar tunatumia gesi asilia kwenye boila. Ditekta inasoma sifuri tangu ifungwe mwaka juzi. Nzuri eeh?

Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa imekufa. Ukiniambia tu sifuri siwezi kujua.

Ditekta nyingi za gesi ya kulipuka zina pelista, kishanga kidogo chenye joto kinachounguza gesi na kupima moto wake. Kishanga hicho sumu yake ni silikoni. Spray ya kulainisha, polishi, ile ya kuzibia madirisha, mvuke wake unakipaka na hakiunguzi tena, na paneli haisemi kitu, inaendelea kusoma sifuri safi. Kuna kiwanda nilienda nikakuta mafundi rangi wamezifunga ditekta 4 na nailoni na selotepu zisichafuke, kazi ikaisha, rangi ikakauka, nailoni zikabaki miezi. Zote zinasoma sifuri! Nilipochana ya kwanza nikapitisha gesi ya kipimo (ile ya kujaribia, kiwango chake kinajulikana) ikaitikia vizuri, ya tatu haikuitikia kabisa.

Kwa hiyo tafuta mtungi mdogo wa gesi ya kipimo na kikombe chake, upulizie kila ditekta, uone namba inapanda na king'ora kinalia na valvu ya gesi inafunga kweli. Sio kubonyeza kitufe cha testi kwenye paneli, kile kinajaribu taa tu. Gesi asilia sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo ditekta iwe juu, zaidi ya kimo cha bana (pale boila inapowakia moto), chini ya paa pale hewa ya moto inapokusanyika, ila angalia karatasi ya kifaa inavumilia joto kiasi gani.

Kuna shimo la majitaka kiwandani, tukifunga ditekta ya salfaidi ya hidrojeni tunaweza kuingia bila kipimo cha kuvaa?

Hapana kaka, hata siku moja. Gesi hiyo ni nzito kidogo kuliko hewa na mkikoroga tope inatoka ghafla miguuni mwenu, mbali na ditekta. Pua nayo itakudanganya, ikifika kama 100 ppm unaacha kusikia ile harufu ya yai bovu.

Ghala letu lina ditekta ya kaboni monoksaidi karibu na fokolifti za betri. Inalia kila asubuhi na hatuna injini hata moja humo. Walinzi wameifunga kitambaa.

Kwanza ikilia tokeni, na mtu aingie na kipimo cha mkononi kuhakikisha. Ila mimi nahisi ni betri. Fokolifti zikichajiwa usiku zinatoa hidrojeni, na sensa nyingi za kaboni monoksaidi zinaisoma hidrojeni kama gesi yao. Kwa hiyo kifaa hakijakosea sana, kinawaambia hewa ya pale haitoki, na hidrojeni inaanza kulipuka ikifika 4% tu. Wekeni feni ya kutolea juu ya sehemu ya kuchajia, na ditekta ya hidrojeni pale darini juu yake kabisa, ya pelista sio ya infraredi (inayotambua gesi kwa mwanga usioonekana) maana infraredi hidrojeni haiioni. Ile ya kaboni monoksaidi ipelekeni upande wanaposimama watu, kimo cha pua, mita 1.5 hivi. Kitambaa kitoeni leo.