Unauguza mtu nyumbani? Fuatilia kadi, kisha omba watu saa zao

Ukiuguza mtu nyumbani, kila anayebisha hodi humjulia hali mgonjwa. Wewe hakuna anayekuuliza umelala saa ngapi. Mimi namtunza mdogo wangu aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, na hapa Kenya haya ndiyo niliyoyaona yakifaa.

Anza na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mgonjwa hupimwa katika hospitali ya serikali, fomu ikajazwa, ndipo asajiliwe. Kumfikisha huko mtu asiyeweza kukaa wima ni kukodi gari na kutafuta wanaume wa kumbeba, kwa hivyo uliza mapema siku ambayo madaktari wa tathmini huketi. Karatasi ikigongwa muhuri, ipige picha papo hapo. Faili yetu ilipotea ofisini, zikatufaa zile picha kwenye simu.

Kisha muone chifu kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Kwa mwenye ulemavu mkali anayehitaji kuangaliwa muda wote, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na asiyeweza kuzichukua mwenyewe, mlezi wake humpokelea. Huchelewa, tena sana. Usikope dukani ukizitegemea. Zikija, zinaishia kwenye nepi na glavu.

Msaada ulionifaa kuliko pesa ni wa mhudumu wa afya ya jamii, yule anayezunguka mitaani na mkoba wake. Alinifundisha kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kumwekea mto katikati ya magoti na kuinua visigino visiguse godoro. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu mapema, kwa hivyo papasa makalio na nyonga kwa kiganja: penye joto au pagumu kuliko kwingine, kidonda kinaanza, usimlaze upande huo. Akimaliza na mgonjwa, mwambie akupime presha na wewe.

Jamaa nao usiwaombe “msaada” hivi hivi, watakuitikia na kwenda zao. Taja siku na saa: “Jumamosi, saa nane hadi saa kumi, njoo ukae naye nilale.” Shangazi alikataa mwanzoni, eti haujui mfuko wa mkojo. Nikamwonyesha. Siku hizi ananikosoa ninavyoufunga.