Maswali ya Wasomaji: Serikali Inapolibeba Shirika la Ndege

Kila baada ya miaka michache twasikia Hazina imeipiga jeki Kenya Airways. Pesa hizo huingia wapi hasa, na mbona shirika bado linayumba? – Msomaji, Nakuru

Sehemu kubwa haikanyagi hata akaunti ya shirika. Serikali inaweza kutoa pesa taslimu, inaweza kutia sahihi dhamana, au inaweza kugeuza deni lake kuwa hisa, na yote matatu magazeti huyaita kunusuru.

Tazama mpango wa Novemba 2017. Serikali iligeuza mikopo yake kuwa hisa, ikafikisha asilimia 48.9. Mabenki ya Kenya yaliyokuwa yakidai yakafanya vivyo hivyo, yakapata asilimia 38.1 kupitia kampuni yaliyoiunda kwa kazi hiyo. KLM, shirika la ndege la Uholanzi lililokuwa na zaidi ya robo, ikashuka hadi asilimia 7.8. Hatua hiyo haikuleta abiria mmoja wala kununua lita moja ya mafuta. Kilichokuwa deni kiliandikwa mtaji, na riba yake ikakoma. Ni nafuu ya kweli, lakini ni nafuu ya vitabuni.

Pamoja na hayo ikaja dhamana ya dola milioni 750: milioni 525 kwa benki ya Exim ya Marekani iliyogharamia ndege, na milioni 225 kwa mabenki ya nyumbani. Wanasiasa huipenda dhamana kwa sababu siku ya kutia sahihi haitoi hata senti bajetini. Mdaiwa anaposhindwa, mdhamini ndiye hulipa, na shirika lilishindwa. Hazina ndiyo ikaanza kulipa deni la Exim.

Kuhusu kuyumba, chanzo ni ndege zenyewe na sarafu ya deni. Shirika liliagiza ndege kubwa kwa mpango wa upanuzi, zikafika wakati Ebola ya Afrika Magharibi na mashambulizi ya kigaidi nchini yamepunguza abiria. Hasara ya mwaka ulioishia Machi 2015 ilikuwa shilingi bilioni 25.7, uliofuata, bilioni 26.2. Ndege ikiegeshwa, mafuta hayachomwi, lakini malipo ya kuikodi, bima na mishahara ya marubani hayasubiri.

Ukipata taarifa ya hesabu, usiishie kwenye mstari wa mwisho. Tafuta kwanza faida ya uendeshaji, yaani inayobaki kabla ya riba na kodi ya serikali, kisha ushuke hadi gharama za fedha na tofauti ya ubadilishaji wa sarafu. Mwaka 2023 uendeshaji ulileta faida ya bilioni 10.5, na bado mwaka ukafungwa kwa hasara ya bilioni 22.7: shilingi ilikuwa imeporomoka hadi karibu 157 kwa dola, na deni la dola likavimba bila shirika kukopa zaidi. Mwaka 2024 shilingi ikapanda hadi karibu 129. Faida ya uendeshaji ikawa bilioni 16.6, na baada ya kodi ikabaki bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja. Wengi walishangilia ile 5.4. Ya kushangilia ni ile 16.6, kwa sababu hiyo haitegemei bei ya dola peke yake. Hata hivyo, nusu ya kwanza ya 2025 hasara ilirudi, takriban bilioni 12, ndege tatu kubwa aina ya Dreamliner zikiwa zimeegeshwa kwa sababu ya injini.

Nina hisa chache za shirika hilo tangu zamani. Nizihesabu kuwa mali? – Msomaji, Mombasa

Hesabu kwa uangalifu. Mpango wa 2017 uliwaacha wenyehisa wadogo na takriban asilimia 2.8 ya kampuni nzima. Biashara ya hisa ilisimamishwa sokoni Nairobi Julai 2020, serikali ilipotaka kulitaifisha shirika, ikafunguliwa tena Januari 2025. Deni jingine likigeuzwa hisa, fungu lako litapungua tena hata kama hukuuza hata moja.

Huku Ujerumani tuliambiwa serikali ilipata faida kwa kuinusuru Lufthansa. Inawezekanaje? – Msomaji, Hamburg

Kwa masharti, na kwa sababu mgonjwa alikuwa mzima kabla ya korona. Mpango wa 2020 ulikuwa wa hadi euro bilioni 9. Serikali ilinunua asilimia 20 ya hisa kwa euro 2.56 kila moja, jumla karibu milioni 300, bei iliyokuwa chini sana ya ile ya soko. Fungu kubwa zaidi lilikuwa mtaji usio na kura, wenye riba ya asilimia 4 mwanzoni, iliyopangwa kupanda hadi 9.5 ifikapo 2027. Riba ya namna hiyo humfanya mdaiwa akimbilie kulipa. Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, nayo ililazimisha kampuni iachie washindani baadhi ya nafasi za kuruka na kutua Frankfurt na Munich. Kufikia Septemba 2022 hisa zote zilikuwa zimeuzwa, kwa faida ya euro milioni 760.

Linganisha na Italia: ilikopesha shirika lake la ndege, Alitalia, euro milioni 900 mwaka 2017 bila mpango wa kueleweka wa kulipwa. Tume ikaamua ni msaada haramu, na Oktoba 2021 shirika likafungwa.

Je, serikali ya Tanzania kuinunulia ATCL (Air Tanzania) ndege si kunusuru vilevile? – Msomaji, Dodoma

Ni msaada, ila kwa mlango mwingine. Mwaka 2022/23 ndege zilimilikiwa na wakala wa ndege za serikali, TGFA, na ATCL ilizikodi. Mzigo wa mkopo wa kununua ndege haukuonekana kwa ATCL, lakini malipo ya kukodi yalionekana, na yaliendelea hata Airbus A220 zilipokwama kwa injini. Ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, ilionyesha hasara ya shilingi bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23, kutoka 35.23 mwaka uliotangulia.

Nikisikia shirika lina matatizo, nifanye nini na tiketi niliyokwisha kulipia? – Msomaji, Muscat

Likifilisika, abiria hupanga foleni nyuma ya wakopeshaji wenye rehani, na mara nyingi hapati kitu. Kwa hiyo lipa kwa kadi ya benki: nauli isipotumika unaweza kuiomba benki irudishe, kwa kawaida ndani ya siku 120 tangu tarehe ya safari. Pesa za simu hazina njia hiyo. Hifadhi namba ya tiketi yenye tarakimu 13 (za Kenya Airways huanza na 706), maana namba ya nafasi ya herufi sita haitoshi kama ushahidi wa malipo. Bima ya safari isome kabla ya kununua; nyingi hazilipi shirika likifilisika mpaka kipengele hicho kiwe kimeandikwa.