Trela ya dukani si ya kupangisha, soma hili kabla hujalipa

Ndugu, nimekuelewa: una kiwanja Texas, na unataka kununua trela mbili za safari kwa muuzaji wa kawaida uzipangishe kwa wageni wa kambi za kifahari.

Trela hizo zimeundwa zivutwe na gari na zitumiwe na familia moja wikiendi chache kwa mwaka. Ndiyo maana ni nyepesi: plaiwudi nyembamba, bawaba dhaifu, kabati za kupigwa pini. Wageni wapya kila baada ya siku mbili watazimaliza. Choo ndicho kitakachokutesa zaidi, kwa sababu mgeni asiyejua habari za tangi la maji taka hutupa humo chochote, na utakayezibua ni wewe. Zinazotengenezwa kwa biashara huwa na mbwembwe chache, lakini sakafu ni ngumu na vifaa vya bafu ni vya nyumbani.

Kama huna mpango wa kuzihamisha, angalia zile ziitwazo park model, yaani trela za kukaa mahali pamoja kama kijumba: ukubwa wake hauzidi futi za mraba 400, na zina kanuni zake za uundaji, ANSI A119.5. Za safari hufuata kanuni nyingine, NFPA 1192.

Soma waranti kwanza. Nyingi hufutika ukipangisha, na bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haimlipi mgeni aliyeumia. Hapo muone wakala wa bima za biashara. Kuhusu kibali na septiki, uliza kaunti kabla ya kutoa hata amana.

Ukishikilia za dukani, basi epuka zenye sehemu ya ukuta inayosukumwa nje kwa mota ili kupanua chumba; hicho ni kitu kingine cha kuharibika.