Maswali ya Wasomaji: China na Majirani Zake wa Kusini

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mvuvi. Redioni nasikia China inawafukuza wavuvi wa Ufilipino kwa mabomba ya maji, na katika taarifa hiyohiyo nasikia inawajengea majirani zake reli. Sera yake kwa majirani hao ni ipi hasa, ya urafiki au ya ubabe? Na hilo fungu linalogombaniwa lina nini?
(Mvuvi, Dunda, Bagamoyo)

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Tuanze na fungu, kwa sababu ukilielewa hilo, sera yenyewe haitakusumbua.

Fungu la Scarborough ni duara la miamba lenye maji matulivu katikati, na maji yakijaa hubaki mawe machache tu juu ya bahari. Lipo kiasi cha maili 120 za bahari magharibi ya kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, kwa hiyo limo ndani ya ukanda wa maili 200 ambao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa kila nchi ya pwani, Tanzania ikiwamo, haki ya samaki na rasilimali nyingine. Wavuvi wa Masinloc, katika mkoa wa Zambales, huliendea kama ninyi mnavyokwenda dago: hukaa huko siku kadhaa, na bahari ikichafuka huingia ndani ya duara kujikinga. Ila tuseme kweli yote: wavuvi wa China na wa Vietnam nao wamevua hapo tangu zama za babu zao.

Mwezi Aprili 2012 meli ya kivita ya Ufilipino ilizikagua mashua za wavuvi wa China zilizokuwa ndani ya duara hilo, meli za serikali ya China zikaja kuwakinga watu wao, na pande mbili zikatazamana kwa wiki kadhaa hadi Ufilipino ilipoondoa meli zake. China haikuondoka, na tangu hapo ndiyo inayoamua nani aingie. Septemba 2023 iliuziba mlango wa duara kwa kamba ya maboya yenye urefu wa kiasi cha mita 300. Mzamiaji wa walinzi wa pwani wa Ufilipino akapiga mbizi na kisu, akaikata.

Jambo lililotufundisha zaidi, hata hivyo, lilitokea nchi kavu. Wakati mvutano wa 2012 ukiendelea, wakaguzi katika bandari za China waliongeza ukali kwa ndizi za Ufilipino, kwa maelezo kwamba zimeonekana na wadudu, na makontena yakazuiliwa mpaka shehena ikaoza. Hakuna aliyetangaza vikwazo. Mkulima wa ndizi wa Mindanao, kisiwa cha kusini mwa Ufilipino, ambaye pengine hajawahi kuliona fungu hilo, ndiye aliyelipia.

Kwa maoni yetu, basi, urafiki na ubabe hapa si sera mbili. Ni sera moja, nayo ni kumkabili kila jirani peke yake. Nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia zina jumuiya yao, ASEAN, iliyoanzishwa Bangkok mwaka 1967, na China inafanya nayo biashara kubwa sana, kiasi kwamba mwaka 2020 jumuiya hiyo ikawa mshirika wake wa kwanza wa biashara duniani. Katika biashara China haina tatizo kuzungumza na jumuiya nzima. Likija suala la nani mwenye mwamba upi, hushikilia kwamba kila mwenye dai aje mezani peke yake. Na kwa kuwa ASEAN huamua kwa kauli moja, anatosha mwanachama mmoja kukwamisha wote. Julai 2012, mawaziri wa mambo ya nje walipokutana Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, nchi hiyo, ambayo ni mnufaika mkubwa wa misaada ya China, ilikataa mgogoro wa Scarborough utajwe katika tamko la pamoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka 45 mkutano huo ukamalizika bila tamko lolote.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilifundisha somo la uraia kwa miaka mingi. Ufilipino ilishinda kesi yake dhidi ya China kuhusu mgogoro huo wa bahari mwaka 2016. Hukumu isiyotekelezwa ina thamani gani?
(Mwalimu mstaafu, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Baraza la usuluhishi lililosikiliza kesi hiyo, ambalo rais wake alikuwa Mwafrika mwenzetu, Thomas Mensah wa Ghana, lilitoa uamuzi tarehe 12 Julai 2016. Halikuamua miamba ni ya nani, kwa kuwa hilo halikuwa katika mamlaka yake. Lilichosema ni kwamba dai la China la haki za kihistoria ndani ya mstari wake wa vistari tisa, unaochorwa katika ramani zake kuzunguka sehemu kubwa ya Bahari ya Kusini mwa China, halina msingi katika sheria pale linapovuka haki ambazo mkataba wa 1982 unazitoa, na kwamba China ilikosea kuwazuia Wafilipino wasivue Scarborough, mahali ambapo wavuvi wa mataifa mbalimbali, Wachina wakiwamo, wana haki ya asili ya kuvua. China ilikataa kushiriki katika kesi, kisha ikaukataa uamuzi.

Askari wa kuutekeleza hayupo, hilo uko sahihi. Lakini tazama ulivyotumika. Rais Rodrigo Duterte, aliyekuwa ameingia madarakani siku 12 tu kabla, aliuweka kando, akaenda Beijing mwezi Oktoba kutafuta uwekezaji, na muda si mrefu wavuvi wake wakaruhusiwa kurudi karibu na fungu, kwa hisani na si kwa haki. Mrithi wake, Ferdinand Marcos Mdogo, ameushika tena uamuzi huo, na anaulipia. Katika fungu jingine, ambalo Wafilipino huliita Ayungin, wanajeshi wachache wanaishi ndani ya meli ya enzi za Vita Kuu ya Pili, BRP Sierra Madre, iliyopandishwa mwambani kwa makusudi mwaka 1999 na ambayo sasa imeliwa na kutu. Juni 2024 walinzi wa pwani wa China wenye visu na mashoka walizizuia boti zilizokuwa zikiwapelekea mahitaji, na baharia mmoja akapoteza kidole gumba. Mwezi uliofuata serikali mbili zikapatana namna ya kuyafikisha mahitaji hayo.

Vietnam imechagua njia yake. Ilipigana vita na China mwaka 1979, ikapoteza mabaharia katika mapambano ya miamba ya Spratly, katika bahari hiyohiyo, mwaka 1988, ikarejesha uhusiano mwaka 1991, na leo inauziana nayo bidhaa kwa wingi huku nayo ikijaza mchanga kwenye miamba inayoishikilia. Hatuoni unafiki hapo. Jirani huyo haondoki, na Hanoi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

SWALI: Je, haya yanatuhusu sisi, hasa tukikumbuka mazungumzo na Wachina kuhusu bandari ya Bagamoyo?
(Mwanafunzi, Magomeni, Bagamoyo)

JIBU: Ya baharini, hapana. China haina dai lolote katika maji yetu, na wanaolinganisha Scarborough na pwani ya Afrika Mashariki wanatia chumvi. Wa kulinganisha naye ni Laos. Reli ya kutoka mpaka wa China hadi Vientiane, mji mkuu wa Laos, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilifunguliwa Desemba 2021 kwa gharama ya karibu dola bilioni 6, nayo imewafaa wasafiri na wafanyabiashara waliokuwa wakihangaika na barabara za milimani. Kampuni inayoimiliki ni ya China kwa asilimia 70 na ya Laos kwa asilimia 30, na sehemu ya mtaji wa hiyo 30 Laos iliukopa kutoka benki ya serikali ya China. Mkataba wowote wa bandari utakapofika mezani, kifungu cha kutafuta kwanza ni hicho cha mtaji: nani anautoa, na kama ni mkopo, nini kimewekwa dhamana.