Mnauliza, Tunajibu: Kisigino kinachochoma asubuhi na habari za soli za kupimwa

Mwezi huu meseji za miguu zimekuwa nyingi kuliko za mgongo, na sishangai, korosho zimeokotwa weee na watu wametembea. Nimechagua nne. Wengi mmeuliza hizi soli za kupimwa ni kitu gani, sasa nitaelezea humo humo kwenye jibu la kwanza ili nisirudie.

"Shikamoo dokta. Mi ni mama wa miaka 46, nauza samaki wa kukaanga Feri hapa Mtwara mjini. Huu ni mwezi wa tano kisigino cha kulia kinanitesa, asubuhi nikishuka kitandani nikikanyaga tu ni kama msumari, nachechemea mpaka uani, nikishatembea kidogo kinaachia alafu jioni nikifunga biashara kinarudi. Nimepiga picha wakasema kuna mwiba umeota kwenye mfupa. Shoga yangu wa Dar anasema kuna soli unapimwa mguu unatengenezewa, ukivaa tu umepona. Ni kweli? Maana hela ya kwenda huko mpaka nivunje kibubu."

Marahaba mama, pole sana. Kwanza mi sio dokta, ni fundi wa vifaa vya viungo, wale tunaotengeneza miguu ya bandia, mabelti ya mgongo na hizo soli unazoziulizia. Kibubu usikivunje kwanza, nisikilize.

Chini ya unyayo kuna kamba pana ngumu, imeanzia kwenye mfupa wa kisigino inakwenda mpaka kwenye vidole, ndio inayoushikilia ule uvungu wa mguu usilale chini, kama uzi unavyoushika upinde. Ukisimama kutwa nzima kwenye sementi ile kamba inavutwa, inavutwa, mpaka pale ilipojishikiza kisiginoni panaumia. Usiku ukilala mguu umelegea na kamba nayo inakaza, asubuhi ile hatua ya kwanza unaivuta ghafla ndo unaona msumari. Ukishatembea inalainika. Hayo maelezo yako mama ndo yenyewe kabisa.

Na huo mwiba wa kwenye picha usikuogopeshe. Kuna watu chungu nzima wana huo mwiba na hawaumwi hata siku moja, na wapo wanaoumwa kama wewe ukipiga picha hamna mwiba wowote. Kwa hiyo mtu akikwambia mpaka ukatwe huo mwiba ndo upone, mwambie ngoja kwanza.

Sasa soli. Soli ya kupimwa ni ile inayokaa ndani ya kiatu, imetengenezwa kwa umbo la mguu wako wewe na sio namba ya kiatu. Unakaa kwenye kiti, fundi anakuzungushia bendeji ya plasta iliyolowekwa maji, anaushika mguu kwa mkono wake katika mkao anaoutaka mpaka plasta ikauke, kwingine unakanyagishwa kwenye boksi lenye sponji laini linabaki na alama ya unyayo, na siku hizi kuna sehemu wanapiga skani. Kwenye ule umbo tunamimina plasta nyingine, ikiganda tunapata unyayo wako mweupe kama wa sanamu, tunauchonga kidogo pale panapotakiwa kushikiliwa, alafu tunapasha karatasi nene ya plastiki au ya sponji ngumu kwenye oveni tunaikandamiza juu yake. Ikipoa tunasaga kingo mpaka iingie kwenye kiatu. Inachofanya ni kushikilia uvungu, kukumbatia kisigino na kuhamisha uzito pale palipozidiwa uende kwenye nyama nyingine ya mguu. Basi. Haina dawa ndani yake, ukiivua kazi yake imeishia hapo.

Na hapa nakwambia ukweli ingawa hiyo ndo kazi inayonilisha: kwa kisigino cha kawaida kama chako, watafiti wameshalinganisha soli za kupimwa na zile za kununua zilizotengenezwa vizuri, na hawakukuta tofauti kubwa ya maumivu. Kwa hiyo anza na rahisi. Kama unasimamia kandambili, chukua kidole gumba bonyeza pale kisiginoni, kidole kikizama mpaka unaisikia sementi ujue umesimama peku miezi yote hiyo. Tafuta kiatu chenye kisigino cha sentimita 2 au 3, kigumu nyuma, hata raba ya mtumba ilimradi ukiikunja isikunjike katikati kama chapati, ikunjike penye vidole tu. Ndani weka soli ya dukani yenye uvungu na kikombe cha kisigino. Nyumbani nako usitembee peku kwa sasa.

Alafu mazoezi, na haya ndo watu hawayafanyi. Kabla hujashusha mguu kitandani chukua khanga, ipitishe kwenye vidole uvute vidole kuja kwako, hesabu mpaka 30, mara 3. Mchana ukipata upenyo simama uangalie ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa chini, egemea ukuta mpaka shavu la mguu livute. Jioni chukua chupa ya maji iliyoganda, samaki wanahitaji barafu kwa hiyo Feri hutakosa, uisukume na unyayo mbele nyuma dakika 10. Kila siku mama, sio siku ya kuumwa tu.

Inachukua miezi. Wengi wanapona ndani ya mwaka bila kuchomwa sindano wala kupasuliwa. Sindano ya kisiginoni inatuliza kweli lakini kwa muda, na ukichoma mara kwa mara ile kamba inaweza kukatika na mafuta ya kisigino yakapungua, na yale mafuta ndo godoro lako la asili. Diklofenaki za kumeza kila siku toka duka la dawa ziache, zitakuachia vidonda vya tumbo na figo nazo zinaumia.

Ukimaliza miezi mitatu umefanya yote hayo na hamna nafuu, hapo ndo nenda Ligula, hospitali yetu ya mkoa, waone watu wa fiziotherapia, wale wa mazoezi ya viungo, wakiona inahitajika watakuelekeza kwenye karakana ya soli, na hiyo hela itakuwa imekwenda mahali pake. Nenda na viatu vyako vya zamani bila kuviosha, fundi mzuri ataviangalia chini hata kabla hajaugusa mguu wako, maana soli iliyolika upande wa ndani inamwambia mengi.

"Habari za kazi. Mtoto wangu wa miaka 4 ana nyayo bapa kabisa, akitoka kuoga akakanyaga sakafu ule unyayo wote unabaki, hauna uvungu. Bibi yake anasema atakuja kuwa kilema. Nimtafutie soli mapema? Baba wa Masasi."

Salama baba. Mtoto wa miaka 4 kuwa na nyayo bapa ni kawaida, uvungu unajijenga taratibu mpaka kwenye miaka 8 hivi au 10. Mwambie asimame kwa ncha za vidole kama anafikia embe. Uvungu ukitokea, na haumwi, anakimbia na wenzie, basi muache acheze, kwenye mchanga peku ndo vizuri zaidi. Soli haitamjengea uvungu, hilo nalisema wazi kwa sababu kuna wazazi wanauziwa. Mlete akaonwe kama unyayo ni mgumu haukunjiki, kama ni mguu mmoja tu, kama analalamika maumivu au anachechemea. Bibi mpe salamu, mwambie mjukuu mzima.

Ila mtu mzima ambaye uvungu ulikuwepo na sasa mguu mmoja unalala, kifundo cha ndani kimevimba, na akijaribu kusimama kwa ncha ya mguu ule mmoja hawezi, huyo asisubiri. Kuna mshipa wa msuli unaopita hapo nyuma ya kifundo umeanza kuchoka, na soli ya kupimwa ikiwahi inaweza kumuepusha na upasuaji.

"Shikamoo. Baba yangu ana miaka 63, kisukari mwaka wa 9 sasa, tupo Newala. Bado anakwenda shambani na katambuga zake. Juzi namuosha miguu nikakuta kijiti kimeingia kwenye unyayo, hakuwa anajua! Na chini ya kidole gumba kuna gamba gumu, anataka alikate na wembe. Soli zinaweza kumsaidia?"

Marahaba binti yangu, na asante kwa kumuosha baba miguu, pengine umeshamuokoa mguu.

Hili ndo swali lililonifanya nikae chini leo niandike. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya miguuni, baba hasikii maumivu tena, na maumivu ndo mlinzi wa mguu. Yule mama wa Feri anaumwa lakini mguu wake una mlinzi, wa baba yako mlinzi kaondoka. Lile gamba ni alama kwamba uzito mwingi unaangukia pale pale kila hatua, na chini ya gamba nyama inasagika bila yeye kujua mpaka siku unaona soksi imelowa. Kidonda cha namna hiyo ndo kinachofikisha watu kwenye kukatwa.

Kwa hiyo ndio, kwa baba yako soli ya kupimwa nitaipigania, na usimnunulie ya dukani. Yake inakuwa laini, inagusa unyayo wote, na pale chini ya gamba tunachimba kidogo kwa chini ili uzito uende pembeni. Inahitaji kiatu chenye kina zaidi ndani, kipana mbele, kilichofunika vidole, maana ukiisukumia kwenye kiatu kinachobana umemtafutia kidonda kingine juu ya vidole. Katambuga zipumzike, ule mkanda wa tairi unakata ngozi na yeye hasikii.

Wembe hapana kabisa, wala dawa za kuunguza gamba. Lipunguzwe kliniki. Kila jioni angalia nyayo zote mbili na katikati ya vidole, akiwa peke yake aweke kioo sakafuni. Kabla ya kuvaa kiatu akikung'ute, aingize na mkono ndani. Maji ya kuoga apime kwa kiwiko au umpimie wewe, na asiote moto kwa miguu huko juu Newala asubuhi za baridi. Pale kijiti kilipoingia mpeleke kesho hospitali ya wilaya wapaangalie hata kama panaonekana pamefunga. Na ikitokea mguu umevimba, una joto kuliko mwenzie, mwekundu, hata kama haumi, siku hiyo hiyo hospitali, iwe Ligula iwe Ndanda, na asiukanyagie.

"Mimi ni mwalimu Nachingwea. Nilitengenezewa soli kwa ajili ya maumivu ya mbele ya unyayo, nikavaa siku ya kwanza toka asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Siku ya tatu magoti yakaanza kuuma, nimezitupa kabatini. Nimeibiwa?"

Hujaibiwa mwalimu, pengine hujaelekezwa tu, na hilo ni kosa letu mafundi. Siku ya kwanza vaa saa moja, ya pili masaa mawili, uongeze hivyo hivyo mpaka wiki ya pili ndo ufikishe siku nzima, kwa sababu ukibadilisha unyayo unavyokanyaga, goti na nyonga navyo vinabadilika na misuli haijazoea. Zitoe kabatini. Angalia kama uliichomoa ile soli iliyokuja na kiatu, watu wengi wanaweka moja juu ya nyingine, kisigino kinapanda kinatoka kiatuni. Kwa maumivu ya mbele pawe na kinundu kidogo nyuma ya pale panapouma, sio juu yake, ukiona kinundu kinakuchoma penyewe kabisa basi kimewekwa mbele mno.

Ukizianza upya taratibu na baada ya wiki mbili bado goti linauma, rudi kwa aliyekutengenezea asage, kurekebisha ni sehemu ya kazi. Na siku ya kwenda vaa vile viatu unavyofundishia, usivae vya sikukuu.