Kabla ya kuipigania dunia, jifunze kuandika jina la mtu sawasawa

Wiki haipiti bila ujumbe wa aina hii kuniingia kwenye simu: "Dada, nataka kufanya kazi ya haki za binadamu, ile ya kimataifa. Naanzia wapi?" Wengine huambatanisha wasifu wa kurasa nne, na neno "shauku" limo kila ukurasa. Nina miaka 14 kwenye kazi hii, minne ya mwanzo nikijitolea, na kujibu mmoja mmoja kumenishinda. Basi jibu langu ni hili, someni wote.

Mtu aliyekuja kwetu bila shauku sijamwona bado. Walioondoka baada ya miezi mitatu walikuja nayo tele, pengine kuwazidi waliobaki. Wanachokosa wengi ni uvumilivu wa kukaa na karatasi: kuuliza tarehe mara ya pili, kutenganisha alichokiona shahidi na alichosimuliwa na jirani, kuandika jina la mtu kama mwenyewe anavyoliandika. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni ukarani. Ukarani wa mambo mazito, lakini ukarani. Anayekuambia vinginevyo ametoka semina sasa hivi.

Siku yangu ya kwanza sikupewa bango wala kipaza sauti. Nilipewa kompyuta iliyong'oka vitufe viwili, visikizio, na rekodi ya saa mbili ya mzee akieleza jinsi mwanawe alivyochukuliwa usiku. Niandike neno kwa neno. Dakika moja ya sauti ilinila dakika sita, saba. Mahali fulani katikati mzee alinyamaza, kimya kirefu, unasikia kiti kinalia na mtu anamimina maji. Nikakiruka. Mratibu wetu, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa kalamu, aliisoma kazi yangu huku akisikiliza rekodi, akasimama pale pale.

"Hapa amenyamaza. Umeandika wapi?"

Nikamwambia hakusema kitu.

"Amenyamaza baada ya swali gani?"

Nikarudisha rekodi. Ni baada ya kuulizwa kama aliwatambua waliokuja. Mama akaniachia visikizio mezani, akaenda zake. Nikaandika: ananyamaza, sekunde 40.

Somo la pili lilikuwa chungu zaidi, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa naandaa orodha ya watu waliokamatwa, itakayoambatana na barua ya kuuliza wako wapi. Jina la kijana mmoja ukurasa wa 3 nililiandika kwa "h", ukurasa wa 9 bila "h". Iliyokwenda ni ile isiyo na "h". Jibu likarudi fupi: hatuna mtu wa jina hilo. Na kweli hawakuwa naye, kwa jina hilo. Zikapita wiki tatu hadi dada yake alipokuja ofisini na cheti cha kuzaliwa, akaweka kidole chini ya ile herufi bila kusema neno. Alipatikana hai, namshukuru Mungu. Lakini wiki tatu mahabusu kwa ajili ya "h" yangu ni deni ambalo sijui nitamlipa nani. Tangu hapo jina silichukui kwa sikio. Nampa mwenyewe kalamu aliandike, au namtajia herufi moja moja naye anaitikia.

Watu hudhani mashirika haya yamejaa wanasheria. Wapo, na wanahitajika. Lakini ukiingia ofisini utamkuta mhasibu anayehangaika na stakabadhi za nauli za mashahidi, dereva anayejua barabara ipi isipitwe baada ya saa kumi na mbili, daktari anayejua kovu la kamba linavyotofautiana na kovu la moto, mtunza kumbukumbu, fundi wa kompyuta, mkalimani. Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu watetezi wa haki za binadamu, lililopitishwa tarehe 9 Desemba 1998, halidai shahada ya mtu. Linasema kila mtu, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kuzitetea. Mkipendezwa na vyeti, kusanyeni, ila visiwazuie kuanza.

Na kujitolea si ngazi ya chini ya kazi hii, kama wengi wanavyodhani, ndiko ilikotoka. Mwaka 1961 mwanasheria wa London, Peter Benenson, aliandika makala kwenye gazeti la The Observer kuhusu watu waliofungwa kwa mawazo yao. Ilikusudiwa iwe kampeni ya mwaka mmoja tu. Wasomaji wakaanza kujikusanya katika vikundi, kila kikundi kikibeba wafungwa watatu: mmoja wa nchi za Magharibi, mmoja wa nchi za kikomunisti, mmoja wa Ulimwengu wa Tatu, ili asitokee wa kusema wana upande. Walikuwa watu wenye kazi zao za mchana, wanaoandika barua jioni. Ndiyo Amnesty International hiyo, iliyopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1977. Kinachonivutia kwenye habari ile ni adabu ya zile barua. Ziliandikwa kwa heshima, kwa mkuu wa gereza au waziri, zikitaja jina la mfungwa kwa usahihi na kuomba jambo moja linaloeleweka. Tusi halikuwemo.

Hapo kwenye tusi nisimame kidogo, maana vijana wananibishia sana. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wa mwaka 1981, una kifungu cha 56. Kinaorodhesha masharti ya malalamiko kupokelewa na Tume ya Afrika, ile ya haki za binadamu yenye makao yake Banjul, Gambia. Mojawapo ni kwamba yasiandikwe kwa lugha ya kudhalilisha au ya matusi dhidi ya nchi inayolalamikiwa, taasisi zake au Umoja wa Afrika wenyewe. Jingine, yasitegemee habari za vyombo vya habari peke yake. Jingine tena, uwe umezimaliza njia za kisheria za nyumbani kwanza, isipokuwa pale inapoonekana wazi kuwa zinaburuzwa kupita kiasi. Kwa maneno mengine, hasira yako unaweza kuiandika vizuri mno hadi ikamnyima mtu kesi yake. Nimewahi kupokea rasimu ya kurasa 11 kutoka kwa kijana mwenye kipaji, moto mtupu, inayomwita ofisa mmoja jina la mnyama mara nne. Nilipoondoa matusi, na yale yaliyonakiliwa kutoka magazetini, zilibaki kurasa mbili. Zile mbili ndizo zilizokuwa na kitu. Alininunia mwezi mzima.

Sasa wakalimani. Hawa nitawazungumzia kwa kirefu kwa sababu hakuna anayewazungumzia, na kwa sababu wengi wenu mnaojua lugha mbili tatu mtaingilia mlango huo. Mkalimani wa ushuhuda hasemi "anasema alipigwa". Anasema "nilipigwa". Ndivyo kazi inavyotaka, nafsi ya kwanza, ili maneno yabaki ya mwenyewe. Hebu fikiria kufanya hivyo kutwa nzima, mashahidi watano. Jioni umeshapigwa mara tano, umeshafiwa mara tatu, na mdomo uliosema yote hayo ni wako. Mhoji anatoka na daftari lake, mwanasheria anatoka na kesi yake, mkalimani anatoka na nini? Nilikuwa na mwenzangu aliyeifanya kazi hiyo miaka miwili bila kulalamika. Siku moja tulikuwa kwenye kikao cha bajeti, mtu akamuuliza jambo la kawaida kabisa kuhusu ratiba, akajibu "nilikuwa nimefungwa macho". Akashtuka mwenyewe. Sote tukashtuka. Kikao kikaahirishwa, na ndiyo mara ya kwanza ofisi ile kukumbuka kwamba naye ana masikio.

Ukiwa mkalimani, omba mambo haya kabla ya kuanza, usingoje kupewa: usomewe mapema mada ya mahojiano, uwe na haki ya kusema "tupumzike" kama alivyo nayo shahidi, na baada ya kazi ukae na mtu robo saa muongee, hata kama ni kuhusu mpira. Ukiwa wewe ndiye mhoji, usimpakie mkalimani na shahidi gari moja wala usiwaache wasubiri pamoja barazani. Shahidi ataanza kumsimulia, na mwenzako atabeba habari mara mbili. Na ndoto zikianza, ukijikuta unakwepa sauti fulani au unamfokea mtoto kwa kitu kidogo, mwambie mtu mwenye utaalamu. Wenzetu waliojifanya chuma tunawajua walikoishia. Kwa wanaohoji watu walioteswa upo mwongozo wa Umoja wa Mataifa uitwao Itifaki ya Istanbul, wa mwaka 1999, uliofanyiwa marekebisho 2022. Unafundisha kuuliza maswali ya wazi, kutomlisha mtu majibu, kumpa nafasi apumue, na unagusa pia kinachompata anayesikiliza. Kausomeni. Ni mrefu, na ni bora kuliko semina zote nilizohudhuria.

Ridhaa. Fomu iliyotiwa sahihi haitoshi. Shahidi anapaswa kuelewa maneno yake yatakwenda wapi, nani atayasoma, na kwamba kesho akibadili nia tunayaondoa, kama hayajachapishwa. Niliwahi kuficha jina la mama mmoja kwenye ripoti, nikajipongeza, kisha nikaandika kwamba ni mkunga anayeishi karibu na daraja. Daraja lilikuwa moja. Mkunga alikuwa mmoja. Aliyegundua ni mtunza kumbukumbu wetu, siku moja kabla ya kwenda kwa mchapaji, mtu ambaye hata kwenye picha ya ofisi hakuwemo. Tangu siku ile kila ninachoandika namsomesha mtu aliyezaliwa sehemu husika, namuuliza swali moja tu: huyu ni nani? Akijibu, nafuta.

Fedha nitazipitia haraka maana zinaudhi. Wanaofanya mafunzo ya vitendo kwenye Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hawalipwi mshahara; nauli na malazi ya Geneva au New York unajigharamia. Ndiyo maana vyumba vile vina watoto wa wenye nacho wengi, na kwa taasisi inayohubiri usawa hiyo ni aibu. Mpango wa Wanaojitolea wa Umoja wa Mataifa, wenye makao makuu Bonn, Ujerumani, ni kitu kingine: wanaopelekwa vituoni hupewa posho ya kujikimu, na wapo wanaojitolea kwa mtandao wakiwa nyumbani, bila posho. Umoja wa Mataifa hautozi ada hata kidogo katika hatua yoyote ya kuajiri. Mtu akikuomba pesa ya "usajili" kwa jina lao, huyo ni tapeli. Mashirika madogo yatakupa mikataba ya miezi sita sita inayofuata pumzi ya mfadhili. Uliza mapema kama kuna bima, na nani atakulipia ukiumwa ukiwa kazini. Usione haya kuuliza. Anayetetea haki za wafanyakazi wengine halafu anasahau zake simwonei huruma, ninamcheka, kwa sababu nimekuwa yeye.

Wanaotaka kwenda nchi za watu, nendeni, lakini mjue mnakwenda kufanya nini. Peace Brigades International, iliyoanzishwa 1981, imekuwa ikiwapeleka watu wa kujitolea kuambatana na watetezi walio hatarini, Guatemala na Colombia miongoni mwa kwingine. Kazi yao kubwa ni kuonekana wapo: kukaa nje ya mlango, kupanda basi pamoja, kusubiri. Hawaongozi wala hawashauri. Mwenyeji ndiye anayejua vita vyake. Mgeni akimaliza mkataba hupanda ndege. Mwenyeji hubaki na wale wale waliokuwa wakimfuata. Ukilikumbuka hilo utapunguza kuongea vikaoni.

Basi unaanzia wapi? Usinitumie wasifu. Tafuta tukio uliloliona kwa macho yako mwenyewe, lolote, hata ugomvi wa kituo cha basi. Andika ukurasa mmoja. Uliyoyaona yaweke peke yake, uliyoyasikia peke yake na umtaje aliyekuambia, unayoyadhani yaweke mwisho kabisa au uyaache. Saa ngapi, ulisimama wapi, mwanga ulitoka upande gani, nani alinyamaza na baada ya kuulizwa nini. Kisha mpe mtu mwingine aliyekuwepo asome, aseme ulipokosea, na masahihisho yake yaache yaonekane.

Ukurasa huo ndio unitumie. Na jina lako liandike kama lilivyo kwenye cheti.